Bomba lipimwe kabla ya kufukiwa

Bomba la maji la plastiki ya polyethilini (aina ya PE100) la kipenyo cha milimita 110, lililotengenezwa kuhimili shinikizo la bar 10, huwa na ukuta wa unene wa milimita 6.6, ilhali lile la bar 6 lina milimita 4.2 tu. Yakishalazwa mtaroni na kujaa vumbi, si rahisi kuyatofautisha kwa macho. Mkandarasi asiye mwaminifu hulipwa bei ya bomba nene, hununua jembamba, kisha hugawana ziada na anayesaini hati ya malipo. Bomba likipasuka, wanakijiji huambiwa kwamba maji yalisukumwa kwa nguvu mno.

Nimesimamia miradi ya namna hii nikiwa mhandisi, na najua kwamba hakuna mtu mmoja anayeuona wizi huo mzima. Fundi wa kijiji amelishika bomba lakini hajauona mkataba. Mhasibu anao mkataba lakini hajafika mtaroni. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa ya Tanzania, ina mamlaka ya kuchunguza, ila mara nyingi huitwa udongo ukiwa umesharudishwa. Hao ndio wa kuungana, tena mapema.

Hata nchini Lesotho, ambako Masupha Sole, aliyekuwa mtendaji mkuu wa mamlaka ya mradi mkubwa wa mabwawa, alihukumiwa kifungo mwaka 2002, kesi isingesimama bila kumbukumbu za benki zilizotoka Uswisi, kwa kuwa hongo ilipitia huko.

Mfano wa kuungana ninaoupenda zaidi ni wa Colombia, ambako mwaka 2005 watengenezaji wa mabomba, washindani wa kila siku, walitia saini makubaliano ya pamoja ya kutotoa rushwa. Siri yake ni hesabu tu: anayekataa peke yake kuhonga hukosa zabuni na mwenzake huichukua, lakini wenye sehemu kubwa ya soko wakikataa kwa pamoja, anayedai hongo hana pa kwenda.

Hapa Tanzania, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inatambua vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, ambavyo hukusanya ada na kugharamia matengenezo. Kwa kuwa wao ndio watakaolipia kila bomba litakalopasuka, ndio wenye sababu kubwa kuliko wote ya kuwamo katika muungano wa kupinga wizi huu, na saini ya fundi wao ingepaswa kutangulia ya mhandisi kwenye hati ya malipo. (Muungano unaokutana hotelini kwa posho siuhesabu.)

Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mweka hazina alikata kipande cha kiganja kimoja kutoka bomba la kwanza lililopimwa na kukubalika, akakihifadhi kabatini pamoja na stakabadhi. Kila shehena ilipoletwa, alikwenda nacho hadi kwenye lori, akakiweka sambamba na mdomo wa bomba jipya, dereva akiwa bado hajazima injini.