Mshahara wa mchezaji wa kike: malalamiko mengi yanakwama kwenye karatasi

"Klabu ni moja, nembo kifuani ni moja, lakini mwisho wa mwezi kaka zetu wanalipwa mshahara na sisi tunapewa posho. Hii ni halali?" Swali hili limekuwa likifika kwenye dawati letu la ushauri wa masuala ya kazi mara nyingi zaidi kadiri Ligi Kuu ya Wanawake inavyokua. Majibu ambayo wachezaji hupewa vijiweni na kambini kabla hawajafika kwetu, kwa bahati mbaya, mengi si sahihi, na baadhi yamewapotezea haki ambayo wangeipata.

Niseme mapema kwamba ninayoyaeleza hapa ni sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005. Vilevile makala haya ni elimu kwa umma na hayachukui nafasi ya ushauri juu ya shauri la mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kila mkataba una maneno yake.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na sababu nyingine zilizotajwa humo. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri achukue hatua za makusudi kuhakikisha wanaume na wanawake wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ibara ya 23 ya Katiba ilishaweka msingi huo, na Tanzania iliridhia Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu jambo hili hili, mwaka 2002. Sheria haikusema "isipokuwa michezo". Kiongozi wa klabu anayeniambia kwamba mpira una taratibu zake namwomba anioneshe kifungu kilichouondoa mpira kwenye sheria hii. Bado sijaoneshwa.

Timu za majeshi huulizwa sana, kwa hiyo nizitolee maelezo. Ni kweli kwamba sheria hii kwa sehemu kubwa haiwahusu askari wa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Lakini kifungu cha 2 kinasema wazi kwamba makatazo ya vifungu vya 5, 6 na 7, yaani ajira ya watoto, kazi za shuruti na ubaguzi kazini, yanawagusa na wao. Mchezaji ambaye pia ni askari hajatupwa nje ya ulinzi huo, ingawa njia ya kupeleka lalamiko lake ni tofauti na ya raia.

Sasa niingie kwenye hoja ambazo nimezisikia hadi nimezikariri.

Ya kwanza: wanawake hawana kasi wala nguvu ya wanaume, kwa hiyo malipo hayawezi kulingana. Septemba 2025, kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo, Alphonce Simbu wetu alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Siku moja kabla yake, Peres Jepchirchir wa Kenya alishinda marathoni ya wanawake kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 43. Tofauti ni takriban dakika 15. Zawadi ya medali ya dhahabu ilikuwa dola 70,000 kwa kila mmoja. Mwaka uliotangulia, Shirikisho la Riadha la Dunia lilitoa dola 50,000 kwa kila dhahabu ya riadha katika Olimpiki ya Paris, na Beatrice Chebet aliyeshinda mita 5,000 na mita 10,000 alistahili mara mbili ya alichostahili Emmanuel Wanyonyi kwa dhahabu yake moja ya mita 800. Wanaolipa walitazama kazi: kushinda uwanja mzima wa washindani wako baada ya miaka ya mazoezi. Tenisi ilifika huko zamani zaidi. Mashindano ya wazi ya Marekani yamelipa zawadi sawa tangu 1973, na Wimbledon tangu 2007.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na sitaki kuidharau: timu ya wanawake haiingizi fedha. Kisheria, si kila tofauti ya malipo ni ubaguzi. Uzoefu, kiwango, majukumu na urefu wa mkataba vinaweza kuhalalisha mchezaji mmoja kulipwa zaidi ya mwingine, na ndani ya timu ya wanaume peke yake tofauti ni kubwa mno. Lakini mchezaji wa kike akishaonesha kwa ushahidi wa awali kwamba anabaguliwa, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa mwajiri. Ni juu ya klabu kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba sababu ya tofauti si jinsia. Maneno "hawaingizi" hayatoshi. Klabu italazimika kuleta vitabu vyake vya hesabu, na vikishafunguliwa maswali mengine yanafuata. Nani alipanga mechi ya wanawake ichezwe saa nane mchana, katikati ya wiki, watu wakiwa kazini? Nani aliamua kiingilio kiwe bure? Fedha za mdhamini aliyeweka nembo kwenye jezi za timu zote mbili ziligawanywa kwa hesabu gani? Mtu hawezi kufunga duka mwenyewe kisha akalalamika kwamba muuzaji haleti mauzo. Huu ni mtazamo wangu wa kitaalamu. Jinsi mwamuzi wa mgogoro atakavyoupima inategemea ushahidi wa shauri husika.

Hapa lazima nitenganishe mambo matatu ambayo wananchi huyachanganya kila siku, hata wanahabari. Mshahara unatokana na mkataba kati ya mchezaji na klabu. Huo ndio unaoguswa na kifungu cha 7. Malipo ya timu ya taifa hutokana na makubaliano na shirikisho, na kwa kawaida si ajira. Huko usawa umekuja kwa mazungumzo: Norway mwaka 2017, ambako wachezaji wa kiume walikubali kuachia sehemu ya fedha zao za matangazo, na Sierra Leone mwaka 2020, shirikisho lilipotangaza viwango sawa. Zawadi za mashindano hupangwa na mwenye mashindano. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilimpa bingwa wa Afrika kwa wanaume dola milioni 7 katika fainali zilizochezwa mwanzoni mwa 2024, na bingwa wa wanawake wa fainali za 2025, ambazo Twiga Stars walishiriki, dola milioni 1. Kwa FIFA, zawadi za Kombe la Dunia la wanaume la 2022 zilikuwa dola milioni 440, na za wanawake mwaka 2023 dola milioni 110. Pengo hilo linauma, na lina haki ya kupigiwa kelele. Lakini mchezaji akija na lalamiko dhidi ya klabu yake huku ushahidi wake ni zawadi za CAF, atarudi nyumbani mikono mitupu.

Wengi hutaja mfano wa timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Marekani bila kujua ulivyokwenda. Wachezaji 28 walilishitaki shirikisho lao Machi 2019. Mei 2020 jaji aliitupa sehemu ya madai yao iliyohusu ujira. Sababu? Kwa hesabu ya mechi kwa mechi, katika miaka iliyolalamikiwa, wanawake walikuwa wamelipwa zaidi ya wanaume, kwa kuwa walikuwa wakishinda na kucheza sana, na walikuwa wamesaini makubaliano ya aina tofauti, yenye mshahara wa uhakika na bonasi ndogo. Wao walisema, na mimi naona walikuwa na hoja, kwamba kwa ushindi uleule mkataba wa wanaume ungewalipa zaidi. Hata hivyo karatasi waliyosaini ndiyo iliyosimama mbele ya jaji. Haki waliipata nje ya hukumu: Februari 2022 walikubaliana dola milioni 24, na Mei mwaka huohuo mikataba mipya ikaweka viwango sawa na kuunganisha zawadi za Kombe la Dunia za timu zote mbili katika chungu kimoja.

Turudi nyumbani. Mchezaji mmoja wa kike alinijia na karatasi ya nusu ukurasa, imepigwa muhuri wa klabu yake. Mstari wa malipo ulisema: "Mchezaji atapewa posho kadiri klabu itakavyojaliwa." Hakuna kiasi, hakuna tarehe, hakuna muda wa mkataba. Nilikuwa karibu kumwambia safari itakuwa ndefu, ndipo akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Ndani alikuwa amechora mistari kwa rula: tarehe, kiasi, aliyetuma, ya nini. Kila ujumbe wa fedha uliowahi kuingia kwenye simu yake aliunakili humo jioni ileile. Posho ya mechi. Nauli. Bonasi. Hela ya dawa ya goti. Miezi 14. Daftari lile lilikuwa na thamani kuliko karatasi yenye muhuri, kwa sababu lilionesha kwamba alilipwa kila mwezi, na mtu yuleyule, kwa kazi ileile. Huo ni ujira, hata uitwe posho, zawadi au kifuta jasho. Sheria inahesabu jumla ya malipo yote yatokanayo na ajira, ya fedha taslimu na ya vitu.

Kanuni za FIFA nazo haziangalii jina la malipo. Mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi anayelipwa zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Basi.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali, saa za kazi, ujira, namna unavyokokotolewa, na marupurupu mengine. Mwajiri akishindwa kuleta maandishi hayo mbele ya chombo cha sheria, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kwa hiyo kauli ya "mimi sina mkataba, sina haki" naomba ikome. Nimeisikia mno, na kila mara anayeisema ameshapoteza muda.

Na muda ndio unaoua mashauri. Kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na migogoro mingine, ikiwamo ya ujira, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Zinahesabiwa siku za kalenda, wala hazisubiri ligi iishe. Mlalamikaji hujaza Fomu Na. 1 na kueleza anachodai. Nakala humpelekea kwanza mlalamikiwa, kisha fomu huwasilishwa Tume pamoja na uthibitisho kwamba mlalamikiwa ameipokea. Ukisahau uthibitisho huo, utarudishwa. Ukichelewa, unaomba kwanza kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi kwa kila siku uliyochelewa. "Kocha aliniahidi tutayamaliza" kwa kawaida haikubaliki. Kisha unakuja usuluhishi, ndani ya siku 30. Ukishindikana, shauri linaendelea kwenye uamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mchezaji ambaye mkataba wake unaelekeza migogoro kwenye kamati za shirikisho asome kifungu hicho kabla ya kuchagua njia, kwa sababu kuhangaika pande zote mbili kwa wakati mmoja huzaa pingamizi.

Uzazi nao uingie kwenye hesabu ya usawa, maana ndipo mishahara mingi hukatwa kimyakimya. Mfanyakazi mwenye sifa anastahili likizo ya uzazi ya angalau siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. FIFA nayo, tangu Januari 2021, imeweka angalau wiki 14 kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Klabu ikivunja mkataba kwa sababu ya ujauzito italipa kilichobaki kwenye mkataba, kuongeza mishahara ya miezi sita, na inaweza kufungiwa kusajili. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai klabu yake ya Lyon mishahara ya wakati wa ujauzito, na mwaka 2022 FIFA ikaamua alipwe zaidi ya euro 82,000. Viongozi wanaowaandikisha wachezaji ahadi ya kutoshika mimba wajue kwamba karatasi hiyo ni ushahidi dhidi yao.

Dirisha la usajili likifunguliwa, mchezaji asome mstari wa ujira kabla ya kusaini, aulize bonasi ya timu ya wanaume kwa ushindi kama wake ni kiasi gani, na asitoke ofisini bila nakala yake iliyosainiwa na pande zote mbili. Aulize pia kuhusu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya michango hiyo. Akiambiwa nakala itatumwa baadaye, aipige picha kwa simu hapohapo, ukurasa kwa ukurasa.