Kesi ya Rebeca Gyumi: yanayosemwa na yaliyoamuliwa

Wengi husimulia kwamba Rebeca Gyumi ndiye wakili aliyeisimamia kesi ya umri wa ndoa Tanzania. Ni mwanasheria kweli, lakini katika shauri hilo la 2016 yeye ndiye aliyekuwa mwombaji, aliyepinga vifungu vya sheria vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Aliyemwakilisha mbele ya majaji ni wakili Jebra Kambole. Kwangu hilo linamwongezea heshima, maana ni jina lake lililoandikwa dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Wengine husema: "Msichana alikuwa salama, kwani bila idhini ya mzazi ndoa haifungwi." Hili ndilo linalonikera zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, ilitaka mvulana awe na miaka 18, msichana 15, na mahakama iliweza kuruhusu hata aliyefikisha 14. Kifungu cha 17 kikampa baba mamlaka ya kumwidhinisha binti aliye chini ya miaka 18. Baba akiwa amefariki, mama. Sasa jiulize ni nani hupokea mahari. Mtoa idhini na mpokea mahari wakiwa mtu mmoja, ulinzi wa binti uko wapi?

"Serikali ilikata rufaa ikashinda." Ilikata baada ya Mahakama Kuu kumpa Gyumi ushindi, ikashindwa. Ilijenga hoja kwamba vifungu hivyo vilitungwa kwa maridhiano na mila na dini. Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa tarehe 23 Oktoba 2019, wakati Gyumi alikwisha kutunukiwa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka uliotangulia.

"Vifungu vilikufa siku ya hukumu." Hapana. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha kasoro badala ya kuifuta sheria papo hapo. Ndivyo Mahakama Kuu ilivyofanya tarehe 8 Julai 2016: iliona vifungu vinakwenda kinyume na Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe, umri uwe miaka 18 kwa wote.

Wapo pia wanaosema Sheria ya Elimu ilishalimaliza suala hili. Marekebisho ya 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Mwanafunzi, lakini. Binti aliyeishia darasa la saba, au ambaye hakuwahi kuandikishwa shule, hakutajwa humo, na ndiye anayeozwa kwa urahisi kuliko wote.