Kiharusi husababishwa na nini, na nani yuko hatarini?

Kiharusi ni nini hasa?

Ni ubongo kukosa damu kwa ghafla. Mara nyingi mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huzibwa na donge la damu. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikamwagikia ndani. Kwa vyovyote vile, sehemu iliyokosa damu huanza kufa ndani ya dakika chache. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, kwa hiyo aliyepigwa kushoto hupooza mkono na mguu wa kulia, na mara nyingi hata kusema hushindwa.

Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp: ukioga anza na miguu, ukianza kumwagia maji kichwani utapata kiharusi. Ni kweli?

Si kweli. Kiharusi hutokea zaidi saa za asubuhi, wakati presha hupanda mwili unapoamka. Saa hizo hizo ndizo watu wengi wanaoga. Bafu limeshitakiwa kwa sababu tu ndipo mgonjwa alipokutwa.

Basi chanzo kikubwa ni kipi?

Presha. Hakuna kingine kinachoikaribia. Mshipa unaosukumwa na damu kwa nguvu kila siku, mwaka baada ya mwaka, kuta zake hukakamaa na kuwa nyembamba mahali fulani, nene mahali pengine. Pembamba hupasuka, penene huziba. Ndiyo maana presha huleta kiharusi cha aina zote mbili.

Kipimo cha 140/90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, ni presha ya juu hata kama unajisikia mzima kabisa. Usisubiri kichwa kiume. Wengi wenye presha hawaumwi popote, wanalima, wanabeba zege, wanacheza mpira.

Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipatikana kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar, kama 316. Anayedhani huu ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri aziangalie tena namba hizo.

Dokta, nilikunywa dawa presha ikashuka. Si nimeshapona?

Hapana, mama. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi. Mtu anapewa amlodipini za siku 30, anarudi kliniki anapima anakuta 128/80, anafurahi, na karatasi ya dawa ya mwezi wa pili haifiki duka la dawa. Baada ya wiki kadhaa presha imerudi pale pale na hana habari. Wengine wameambiwa na majirani kwamba dawa hizi "ukizianza huziachi", kana kwamba ni ulevi. Zinanywewa siku zote kwa sababu ugonjwa wenyewe upo siku zote. Zikikusumbua, kwa mfano miguu ikivimba, mwambie daktari akubadilishie. Usiziache kimya kimya.

Na chumvi?

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko cha chai. Jumlisha humo papa mkavu, ng'onda, vile vidonge vya kukolezea mchuzi, na chumvi unayonyunyizia chipsi kabla hata ya kuzionja.

Zaidi ya presha, kuna nini?

Kisukari, sigara, pombe nyingi, lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu, unene wa tumboni, kukaa tu bila mazoezi. Hayo mnayasikia kila siku. Lisilosikika sana ni moyo. Moyo unaopiga bila mpangilio hauisukumi damu yote. Inayobaki hutuama, ikaganda, na donge likichomoka husafiri hadi ubongoni. Kwetu hata vijana hupata hili, kwa sababu ya valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, ambayo huanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Virusi vya UKIMWI navyo huongeza hatari.

Watoto je?

Hupata pia, hasa wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wajawazito na waliojifungua karibuni wenye presha ya juu nao wako hatarini.

Babu alipigiwa simu ya msiba, akaanguka pale pale. Si mshtuko uliomwangusha?

Mshtuko unaweza kupandisha presha ghafla, lakini kwa kawaida hukuta mishipa iliyochoka zamani. Uliza babu alipimwa lini mara ya mwisho.

Mkono wangu ulikufa ganzi na mdomo ukapinda, baada ya dakika kumi vikarudi sawa. Niende hospitali?

Nenda leo. Hicho ni kiharusi cha muda, na kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku mbili.

Mtu akianguka nyumbani tufanye nini?

Mwambie atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Uso ukipinda, mkono ukishuka au maneno yakikwama, tafuteni gari. Msimpe uji wala maji, koo linaweza kuwa limelegea akapaliwa. Msimpe aspirini: bila CT scan, yaani picha ya ubongo, hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na aliyepasuka atazidi kuvuja. Kumtoboa vidole kwa sindano hakusaidii kitu. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo anayempeleka ajue saa ngapi mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, na abebe dawa zote anazotumia.