Wasiwasi umepungua, lakini moyo je?

Kuongoza kikundi cha tiba hapa Kigoma kumenizoesha kusikiliza viambishi. Mwenye wasiwasi husema kwa "ta": mtoto ataugua, watanicheka, mtumbwi utazama, mkopo utanishinda. Mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu ya kila kitu, husema kwa "ngeli": ningelisoma, nisingelimkopesha, mama angelikuwa hai. Sonona ikizidi, hata hiyo "ngeli" hupotea, zikabaki "si" tupu. Siwezi. Sitaki. Sifai.

Kikundi chetu ni cha ugonjwa wa wasiwasi. Watu wazima 8 hadi 12, mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, kwa wiki 12. Wengi hutufikia wakiwa wamezunguka sana: moyo ulikwenda mbio wakapimwa presha, kizunguzungu wakapimwa malaria, tumbo likawaka wakapewa dawa za vidonda. Na neno lenyewe ni zito. Wengi wa Ujiji walilijua wasiwasi madrasa kabla ya kulisikia hospitalini, na wapo wanaoona haya kulitamka, maana kwao wasiwasi hutoka kwa shetani na mwenye imani hapaswi kuwa nao. Ndiyo maana kikundi kina nguvu. Mtu akimsikia mwenzake akieleza anavyoamka saa nane usiku kuhesabu madeni yaleyale aliyoyahesabu jana, unaona mabega yake yanashuka. Mimi peke yangu ofisini siwezi kumpa hilo. (Wavuvi huja zaidi siku za mbalamwezi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa na mwezi ukiwaka taa hazivuti kitu. Niliacha zamani kuwaandika watoro siku za giza.)

Kazi ya mwanzo ni kutenganisha wasiwasi wenye mlango na usio na mlango. Deni lina mlango: nenda ukazungumze na anayekudai. "Je, nikifa wanangu wataishije" ni swali lisilojibika saa nane usiku hata ukilirudia mara mia. Kwa maswali ya aina hiyo tunatumia saa ya wasiwasi, njia ambayo Thomas Borkovec, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake waliieleza mwaka 1983. Unatenga nusu saa kila siku, wakati uleule, mahali palepale, mbali na kitanda. Wasiwasi ukija asubuhi unauambia usubiri saa yake. Mzee mmoja wa kikundini aliiweka baada ya swala ya alasiri, chini ya mwembe wake, na baada ya wiki tatu akatuambia kwamba mara nyingi akifika pale anakuta hana la kuwaza.

Sasa nije kwa sonona, ambayo haikuandikwa kwenye mlango wa chumba chetu lakini huingia humo kila wiki. Tafiti kubwa za jamii nchini Marekani zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye ugonjwa wa wasiwasi hupata pia sonona wakati fulani maishani. Si ajabu. Akili inayochoka kwa kuogopa kesho mwisho hukata tamaa nayo. Habari njema ni kwamba kwa walio wengi wasiwasi ukipungua, sonona nayo hupungua, hata kama hatukuigusa moja kwa moja. Lakini kuna ambao mambo hayaendi hivyo, na mmoja wao nusura anipite.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mama mmoja anayeanika dagaa (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike) alijiunga nasi kipindi hicho. Wasiwasi wake ulikuwa na sababu, nami sikuthubutu kumwambia ni ugonjwa mtupu: ada za watoto, mkopo wa kikoba, vichanja vitupu. Ziwa likafunguliwa. Mitumbwi ikarudi na dagaa mbichi. Wiki ile alama zake kwenye dodoso la wasiwasi zilishuka sana, akatuambia kwa sauti tulivu, "Mwanangu, mimi sasa wasiwasi sina. Litakalokuwa na liwe." Kikundi kikapiga makofi, nami nikapiga.

Kilichonishtua ni mikono yake. Wiki zote alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga. Siku ile mikono ilikuwa imelala mapajani kama si yake. Baada ya kikao nikamwomba abaki, tukapitia dodoso la sonona la maswali tisa, linalouliza juu ya wiki mbili zilizopita. Alama zikawa juu kuliko siku aliyojiunga. Na swali la tisa, linalouliza kama mtu anawaza ni afadhali afe, hakulijibu "hapana". Hakuwa amepona wasiwasi. Alikuwa ameacha kutazamia chochote, na asiyetazamia kitu hana cha kukiogopea. Dagaa walikuwa wamerudi, na yeye alikuwa hajakanyaga mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki.

Jibu la namna hiyo halisubiri kikao kijacho. Siku hiyohiyo nilimuuliza waziwazi, "Mama, unawaza kujiua?" Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani; mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Tukamwita dada yake akae naye, na daktari akamwona kabla jua halijazama. Kama wewe unayesoma una mawazo hayo, mwambie mtu leo na uende hospitali iliyo karibu nawe leo.

Tangu hapo tunapima vyote viwili, wasiwasi na sonona, kila baada ya wiki mbili, na mtu akinyamaza sidhani tena kwamba ametulia.

Yeye alipata dawa na akaendelea na kikundi, hata wiki zake 12 zilipopita, ila kazi yake ikawa nyingine. Mwenye wasiwasi tunamfundisha kuahirisha. Mwenye sonona tunamwomba atende kabla hamu haijaja. Alianza kwa kutembea hadi mwaloni asubuhi na kurudi, bila kununua kitu. Wiki iliyofuata ndoo moja tu ya dagaa. Mwezi Novemba, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika juu ya ziwa, alikuja kikaoni amekasirika kidogo, anakunja pindo la kanga.

"Mwanangu, nimeanika ndoo tatu. Mvua itanyesha kabla hazijakauka, nitafanyaje?"

Alama zake za wasiwasi zilikuwa zimepanda. Niliziandika kwenye jalada lake kwa furaha, kisha tukaanza kuzungumza juu ya turubai.