Commodore 64: Dhana Zinazoiua na Ukweli Wake

Commodore 64, kompyuta ya nyumbani, ilitoka mwaka 1982, na nyingi zilizobaki bado zinaweza kufanya kazi. Zinazokufa siku hizi mara nyingi huuliwa mezani: mtu ameshika jambo lisilo kweli, anachomeka plagi, na chipu ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena zinaungua. Kwa hiyo tuanze na dhana yenye hasara kubwa kuliko zote.

"Adapta ni ya asili na ilikaa kabatini tu, basi ni salama."

Si salama hata kidogo. Adapta ile nzito hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za DC (mkondo mnyofu) na volti 9 za AC (mkondo geu). Ndani imejazwa gundi ngumu inayozuia joto lisitoke, na regileta ya volti 5, sehemu inayodhibiti volti, huchakaa humo humo. Ubaya wake ni kwamba ikiharibika haikati umeme. Volti hupanda, na chipu za RAM (kumbukumbu) ndizo hufa kwanza.

Ipime kabla haijagusa kompyuta. Tazama plagi yake: pini zimepangwa nusu duara na zaidi, na ile ya katikati, pini 2, ndiyo ardhi. Kati ya mbili zinazopakana nayo, moja ni volti 5 (pini 5) na nyingine haijaunganishwa na kitu. Zile mbili za mwishoni, 6 na 7, ni AC. Weka multimita kwenye DC, ncha nyeusi pini 2, nyekundu pini 5. Unatafuta volti kati ya 4.75 na 5.25. Ikizidi 5.25, iweke kando moja kwa moja. Kwenye AC, ukisoma 10 au 11 bila mzigo, si kasoro.

Kipimo kimoja cha haraka hakitoshi, kwa sababu regileta iliyochoka huweza kusoma vizuri ikiwa baridi. Funga rezista ya omu 4.7, wati 10, kati ya pini 5 na pini 2. Itavuta takriban ampea 1. Iache nusu saa huku unapima. Rezista itapata moto sana, iweke juu ya kigae na usiiguse. Hata adapta ikipita mtihani huo, ushauri wetu ni kununua mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii. Bei yake haifikii bei ya RAM, PLA (chipu inayoelekeza anwani za kumbukumbu) na SID (chipu ya sauti) kwa pamoja.

"Fyuzi ya ndani italinda."

Fyuzi iliyo kwenye bodi, ya ampea 1.5, iko kwenye njia ya AC peke yake. Volti 5 za adapta huingia moja kwa moja kwenye chipu bila kizuizi chochote.

Hapo hapo pana mtego wa pili. Taa nyekundu hupata umeme wake kutoka kwenye volti 5 hizo. Kwenye bodi za zamani, chipu ya picha, VIC-II, hulishwa na umeme uliotokana na ile AC. Fyuzi ikikatika, taa inawaka vizuri na skrini inabaki nyeusi. Watu wameng'oa VIC-II nzima kwa sababu ya fyuzi. Kwa hiyo skrini nyeusi isikufanye uilaumu VIC-II kwanza: pima adapta, kisha fyuzi, halafu ishuku PLA, chipu inayojulikana kwa kufa, kisha RAM. Bodi za mwanzo zina chipu nane za RAM, aina ya 4164. Washa kwa muda mfupi tu: ile inayopata moto kuliko wenzake ndiyo ya kushukiwa.

"Draivu ya diski ya 1541 ni ya polepole kwa sababu diski za zamani zilikuwa hivyo."

Draivu hii ina prosesa yake ya 6502, RAM ya KB 2 na ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) ya KB 16. Ni kompyuta kamili. Hata hivyo hupitisha baiti 400 hivi tu kwa sekunde. Tatizo liko kwenye njia ya mawasiliano.

Kwenye VIC-20, mashine iliyoitangulia, chipu ya 6522 ilitarajiwa kusukuma biti yenyewe kupitia rejista yake ya kusogeza biti (shift register). Rejista hiyo ilikuwa na kasoro, ikabidi kila biti isukumwe na programu. Commodore 64 ilikuwa na chipu mpya, 6526, ambayo rejista yake ilikuwa nzima, lakini ikabaki na utaratibu ule ule wa zamani. Kisha VIC-II ikaongeza uzito: katika kila mstari wa nane wa picha humsimamisha prosesa kwa mizunguko 40 au zaidi ili isome herufi za skrini. Kompyuta inaweza kukosa biti wakati huo, basi ROM ya 1541 ikapunguzwa mwendo makusudi. Programu za kuharakisha upakiaji hutumia kebo ile ile na draivu ile ile, na huenda mara kadhaa zaidi.

"Imeandikwa KB 64, mbona skrini ya kuanza inaonyesha baiti 38911?"

Baiti zote 65536 za RAM zimo. Sehemu yake imefunikwa na ROM, na anwani 1 ndiyo hufungua pazia. Andika:

FOR I=40960 TO 49151:POKE I,PEEK(I):NEXT
POKE 1,54

PEEK inasoma ROM, POKE inaandika RAM iliyo chini yake, na amri ya pili huzima ROM ya BASIC, lugha ya programu ya mashine. Sasa BASIC inatumika kutoka kwenye RAM. Jaribu POKE 41848,74 na READY itageuka JEADY. Bonyeza RUN/STOP pamoja na RESTORE, ROM ya asili inarudi.

"Kibodi inaandika yenyewe, imeharibika."

Chomoa kwanza joistiki ya tundu la 1. Hutumia nyaya zile zile za kibodi: kitufe chake ni sawa na kitufe cha nafasi, juu ni 1, kulia ni 2, kushoto ni CTRL. Michezo mingi hutumia tundu la 2 kwa sababu hiyo.

"SID ni SID, badilisha tu."

Aina mbili za SID, 6581 na 8580, zote zina pini 28 na huingia soketi ile ile. Ila 6581 inataka volti 12 na 8580 volti 9, na kapasita za kichujio ni pF 470 kwa ya kwanza, nF 22 kwa ya pili. 8580 kwenye bodi ya volti 12 itaungua. Na kama kwenye 8580 sauti za kurekodiwa zinasikika kwa mbali, chipu ni nzima: 6581 ilivujisha volti ambayo waandishi wa programu waliitumia kama chaneli ya nne, na 8580 haivujishi. Lehemu rezista ya kiloomu 330 kati ya pini 26 na pini 14, sauti itarudi.