Maswali ya dawa baada ya kuruhusiwa hospitali yaletwe kwa mfamasia

Kila Septemba 17 huadhimishwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, na mwaka 2022 siku hiyo ilielekezwa kwenye matumizi salama ya dawa, kufuatia kampeni iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017. Sisi tunaohudumu kwenye dirisha la famasi tatizo hilo tunaliona kwa macho. Mgonjwa aliyeruhusiwa mchana hukabidhiwa bahasha nne au tano za dawa huku ndugu zake wakihangaikia bili na usafiri, na akifika nyumbani hakumbuki nusu ya maelezo aliyopewa. Hapo hana kosa. Kinachotusikitisha ni kwamba swali lake hulipeleka kwa jirani anayetumia dawa ya rangi kama yake.

Mama mmoja alirudi kliniki wiki tatu baada ya kulazwa kwa ajili ya presha, akilalamika kizunguzungu kila anapoinuka kitandani. Alipozimimina dawa zake juu ya kaunta, tulikuta boksi alilonunua famasi kabla ya kulazwa na pakiti aliyopewa wodini. Majina makubwa yalitofautiana, lakini chini yake, kwa herufi ndogo, zote mbili ziliandikwa losartani miligramu 50, dawa ya kushusha presha, naye alikuwa akimeza zote, yaani dozi mara mbili. Jina hilo la herufi ndogo ndilo la dawa yenyewe. Lile kubwa ni la kiwanda. Tulipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alisema aliona haya kupanga foleni kwa swali dogo.

Katika kituo chetu swali la dawa halihitaji kufunguliwa faili jipya wala kumwona daktari kwanza. Mgonjwa, au ndugu anayemhudumia, afike dirisha la famasi akiwa na karatasi ya ruhusa na dawa zote anazotumia, zikiwa ndani ya pakiti zake, zikiwemo za dukani na za mitishamba. Mfamasia atazilinganisha na cheti cha daktari, na pale dozi inapohitaji kubadilishwa atawasiliana na daktari aliyeiandika, kwa kuwa haruhusiwi kubadili cheti kwa uamuzi wake. Dawa iliyokwisha kutolewa haipokelewi ili apewe mgonjwa mwingine, hata kama pakiti haijafunguliwa, kwa sababu hatuwezi kuthibitisha ilihifadhiwaje. Tunaomba wahudumu wasilaumiwe kwa hilo. Vilevile, muuzaji anayetoa dawa ya cheti bila cheti anakiuka masharti ya kazi yake na anaweza kuchukuliwa hatua, ikiwemo kufungiwa duka.

Tumeshasema mara nyingi, na tunarudia, kwamba presha inaposoma vizuri ni kwa sababu dawa inafanya kazi, kwa hiyo kipimo kizuri si ruhusa ya kuiacha dawa. Wengine huiacha kwa kuamini kwamba inaharibu figo, ilhali presha isiyodhibitiwa ndiyo huziharibu. Kikohozi kikavu kwa anayetumia enalaprili, au miguu kuvimba kwa anayetumia amlodipini, zote zikiwa dawa za presha, ni maudhi yanayojulikana na dawa mbadala zipo. Njooni mseme badala ya kuacha kimyakimya. Diklofenaki ya kutuliza mgongo inaweza kupandisha presha, basi ulizeni kabla ya kuinunua. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hakatazwi mchicha wala kisamvu, ila ale kwa kiasi kisichobadilika sana wiki hadi wiki, maana mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Aliyesahau dozi asimeze mbili kwa pamoja ili kufidia.

Mgonjwa akivimba midomo au uso, akibanwa na pumzi, au akitoa choo cheusi kama lami huku anatumia wafarini, asije dirishani kwetu. Apelekwe idara ya dharura wakati huohuo, na pakiti ya dawa iende pamoja naye.