Alex Shigo: Aliyepasua Miti kwa Urefu

Kwa vizazi vingi, mafundi wa miti wa Ulaya na Amerika walifundishwa kulikata tawi sawa na shina, lisibaki hata nundu, kisha kulipaka jeraha rangi au lami. Kazi ilionekana safi. Baada ya mwaka mmoja au miwili, gome jipya lilinenepa kando ya jeraha na fundi akahesabu kuwa mti umepona. Aliyeonyesha kwamba unene ule ulikuwa ukiwadanganya watu ni Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyezaliwa mwaka 1930 huko Duquesne, Pennsylvania, akafariki Oktoba 2006 huko New Hampshire.

Shigo alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha West Virginia mwaka 1959, akaingia Shirika la Misitu la Marekani na kubaki huko hadi alipostaafu mwaka 1985. Jambo lililobadilisha kila kitu lilikuwa rahisi. Misumeno ya mnyororo inayobebwa na mtu mmoja ilikuwa imeanza kuenea, naye akaitumia kupasua magogo kwa urefu. Waliomtangulia walizoea kuyakata kwa upana, na kipande cha upana hukuonyesha duara la uozo tu, bila kukueleza lilianzia wapi na limeishia wapi. Kipande cha urefu hukuonyesha safari nzima: jeraha lilipo, uozo ulipopanda, uliposhuka na uliposimama. Inatajwa kwamba katika maisha yake alichunguza miti zaidi ya 15,000 kwa njia hiyo.

Alichokiona hakikulingana na mafundisho ya wakati huo. Tangu karne ya 19, wanasayansi walishika kwamba mbao za ndani ni mfu, kuvu huingia kupitia jeraha na kuzila bila kizuizi. Shigo alikuta mipaka. Mara nyingi uozo ulikuwa na kipenyo kilekile ambacho mti ulikuwa nacho siku ulipojeruhiwa, na mbao zote zilizoota baada ya siku hiyo zilikuwa safi. Mti wenye kipenyo cha sentimita 20 uliojeruhiwa, ukafikia sentimita 50 miaka mingi baadaye, ungeweza kuwa na nguzo ya uozo ya sentimita 20 katikati na sentimita 15 za mbao nzima kila upande. Kwa hiyo mti hauponi kama ngozi ya mnyama inavyopona. Seli zilizoharibika hazifufuliwi wala kubadilishwa. Mti huzizingira, kisha unaota upya kwa nje.

Mwaka 1977 maelezo hayo yalitolewa katika kijitabu cha Wizara ya Kilimo ya Marekani, na mfano wake ukajulikana kwa kifupi CODIT, yaani Compartmentalization Of Decay In Trees, mti kuuzingira uozo. Unazungumzia kuta nne. Ukuta wa kwanza huzuia uozo kupanda na kushuka, kwa kuziba mishipa ya maji juu na chini ya jeraha. Ndio dhaifu kuliko zote, na ndiyo maana nguzo za uozo huwa ndefu na nyembamba. Wa pili huzuia uozo kuelekea kiini. Hutegemea tabaka zito la mwisho la kila pete ya ukuaji. Wa tatu huzuia kwenda pembeni, na kazi hiyo hufanywa na seli zilizojipanga kama spoki za baiskeli kutoka katikati kwenda nje. Kuta hizi tatu zimo ndani ya mbao zilizokuwapo wakati wa jeraha. Wa nne haukuwapo: hujengwa na kambiamu, tabaka jembamba hai lililo chini ya gome, baada ya mti kuumia. Huo ndio hutenganisha mbao za zamani na mpya, na kuvu huuvuka mara chache tu. Lakini una udhaifu wake: kwa kuhimili uzito si imara, na nyufa za mviringo ndani ya shina mara nyingi hufuata mstari wake.

Anayeshika msumeno anahitaji kujua habari ya kola. Hapo tawi linapotoka shinani huwa na uvimbe, wakati mwingine mkubwa, wakati mwingine wa kutafutwa kwa kidole. Uvimbe huo ndio kola: ni tishu za shina zilizolizunguka tawi. Ndani yake, kwenye kitako cha tawi, mti huweka eneo la kinga lenye kemikali zinazozuia kuvu: fenoli kwa miti ya majani mapana, utomvu kwa miti ya jamii ya misonobari. Fundi anayekata sawa na shina huondoa kinga yote hiyo na kulifungua shina lenyewe. Jeraha huwa kubwa zaidi, na gome jipya huota kwa nguvu kulia na kushoto huku juu na chini likikosekana au likiwa jembamba. Unene wa pembeni ndio uliosifiwa miaka yote. Shigo alipozipasua sehemu hizo alikuta uozo na nyufa nyuma yake.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Kata ya kwanza hutoka chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, na huingia robo hadi theluthi ya unene wa tawi. Ikizidi hapo, tawi huanza kulala na kuubana msumeno. Ya pili hutoka juu, sentimita 3 hadi 5 mbele zaidi ya ile ya kwanza kuelekea ncha, na tawi huanguka bila kuchana gome la shina. Wanaoruka kata ya chini ndio huacha ulimi wa gome uliochanika hadi nusu mita kuteremka shinani, jeraha ambalo kola haiwezi kulikinga. Kata ya tatu huondoa kigutu kilichobaki. Anzia nje kidogo ya ukingo wa gome, ule mkunjo mweusi wenye mikwaruzo kwenye pembe ya juu ya tawi, ushuke hadi mwisho wa uvimbe chini. Kama uvimbe hauonekani, fikiria mstari wa wima unaopita mahali kata inapoanzia: pembe kati ya wima na ukingo wa gome, irudie upande wa pili, na msumeno ufuate humo.

Kigutu nacho kisiachwe. Kikiachwa cha sentimita 10 hufa, kuvu hukila polepole, na gome jipya haliwezi kufunga mpaka kimekwisha. Tawi lililokwisha kufa lina kanuni yake: kola huwa imetambaa juu yake kama soksi, pengine sentimita kadhaa kutoka shinani. Hapo hukatwa mbao mfu peke yake, na tishu hai haiguswi hata kama matokeo hayavutii macho.

Rangi na lami hazikusalimika. Alipolinganisha majeraha yaliyopakwa na yasiyopakwa, hakuona dawa iliyozuia uozo, na baadhi zilitunza unyevunyevu ambao kuvu huupenda. Ukweli ni kwamba rangi humtuliza mwenye mti. Desturi ya kukwangua shimo la mti hadi mbao safi, kisha kulijaza zege, ilikuwa na madhara zaidi, kwa sababu kukwangua huvunja ukuta ambao mti ulikwisha kuujenga na uozo hupata njia mpya. Kutoboa tundu ili maji yaliyotuama yatoke kwenye shimo hufanya vivyo hivyo. Maji yaachwe.

Kukata kilele cha mti mkubwa, yaani kuyafupisha matawi yote popote msumeno unapofika, alikupinga bila kulegeza. Katikati ya tawi hakuna kola, hivyo kila kata ni mlango usio na kinga. Machipukizi mengi yanayofuata huota kutoka tabaka za nje tu, na yakinenepa hung'oka kwa upepo. Kuhusu msimu, alishauri kuepuka nyakati mbili: majani yanapochomoza, maana akiba ya nguvu imetumika, na yanapopukutika.

Kazi yake haikuishia alipoiacha. Watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba mti huanza kuziba mishipa kwa sababu hewa imeingia, hata kabla kuvu haijafika, na ndiyo maana wengi wao huisoma ile D ya CODIT kuwa ni uharibifu kwa ujumla, wakati kwa Shigo ilikuwa ya uozo. Wao pia ndio walioweka vipimo ambavyo yeye hakuvikazia: kwa miti inayozingira jeraha vibaya, kama mierebi na mipopla, kata isizidi kipenyo cha sentimita 5, kwa inayozingira vizuri, kama mialoni, isizidi sentimita 10. Tawi lililopita hapo ni bora lifupishwe hadi kwenye tawi dogo lililo hai kuliko kuondolewa lote shinani.

Anayetaka kukagua kata yake asubiri msimu mmoja wa ukuaji. Gome jipya likizunguka jeraha kwa unene uleule juu, chini na pembeni, msumeno ulipita mahali pake. Likinenepa pembeni tu na kuliacha jeraha katika umbo la yai refu, kola ilikatwa.